Namba Thelathini na Moja

Tangu asubuhi Donatille alikuwa amembadilishia binti yake kitambaa mara tatu, na kila mara harufu ilizidi. Haikuwa harufu ya damu. Alizaa watoto saba kule Rutshuru kabla vita havijawatoa, akawazalisha na majirani. Damu ya uzazi aliijua. Hii ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Munezero alilala ubavu juu ya godoro la plastiki, midomo imekauka, meno yanagongana. Ilikuwa siku ya nne tangu amzae, juu ya kitanda hikihiki, mtoto aliyefungwa sasa kifuani pa Donatille. Siku ile maji yalikatika katika kituo cha afya cha kambi. Mkunga alitoka kwa mama mwingine akaja kwa Munezero na glavu zilezile, amezimwagia tu maji ya kidumu. Donatille aliona kwa macho yake.

Wenceslas, muuguzi, akaingia na rejista kwapani. Akamtoboa Munezero kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha malaria, akangoja. Mstari mmoja. Donatille alikuwa amekaa kambini muda wa kutosha kujua: mistari miwili, malaria iko; mmoja, haiko. Wenceslas akakitupa kipimo kwenye karai, akafungua rejista, akaandika 7.

Ukutani ilibandikwa karatasi ya mradi uliokuwa ukitoa dawa za bure, kila ugonjwa na namba yake. Donatille aliishia darasa la tano, lakini kusoma hakukumtoka. Kidole chake kilishuka polepole juu ya karatasi. 7: malaria. Kikashuka tena, karibu na mwisho. 31: maambukizo ya mama baada ya kuzaa.

"Munganga, umekosea namba."

"Namba gani, mama?"

"Umeandika saba, na kipimo kilitoa mustari moja. Mutoto wangu iko thelathini na moja. Njoo unuse."

Wenceslas akacheka. "Eh, mama wa Rutshuru! Leo umekuwa daktari?"

"Sogea unuse basi, wewe daktari," akadakia Bénie, mgonjwa wa kitanda cha pili. "Siye tunanusa toka jana."

Kicheko kikamwisha Wenceslas. Akainama, akashusha sauti.

"Sikia, mama. Mwaka jana tuliandika trente-et-un, hiyo thelathini na moja yako, mara tatu. Tuliandika ukweli. Unajua mradi ulifanya nini? Maji, hawakuleta. Glavu, hawakuleta. Walitufungia chumba cha kuzalia miezi miwili, wanawake wakazalia huko nje juu ya mawe ya volkano. Toka pale, trente-et-un haiko hapa."

Akaonyesha mlangoni. Juu ya ubao, kwa rangi ya kijani: WAZAZI WALIOAMBUKIZWA MWAKA HUU: 0.

"Alhamisi wageni wanakuja kuupiga picha," akasema.

"Basi andika saba yako, lakini umupe dawa ya thelathini na moja."

"Dawa inatoka kwa namba, mama."

"Mutume kwenye hospitali kubwa."

"Mutu wa saba hatumwi."

Donatille akaichukua mwenyewe fishi, karatasi ya mgonjwa yenye ile 7, akaenda nayo dirisha la dawa. Pale alikaa Apolline, msichana wa umri wa Munezero, naye tumbo lake limefika miezi saba. Akasoma, akasukuma vidonge vya malaria.

"Yale maboksi nyuma yako ni ya nini, binti?"

"Sindano. Za trente-et-un."

"Nani anadungwa?"

Apolline akageuka kuyatazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anayaona. "Hakuna mutu. Mwezi ujao yanaharibika, tutayachoma."

"Na wewe utazalia wapi?"

Apolline akavuta kiti mpaka tumbo likafichwa na meza. "Chukua dawa, mama. Kuna watu nyuma yako."

Munezero akameza vidonge vya malaria siku mbili. Jumatano, jua limesimama katikati, akaacha kutetemeka. Donatille alifurahi kwanza, akidhani homa imeshuka.

Wenceslas akaleta rejista atie sahihi. Safu ya sababu ya kifo ilikuwa imekwisha kujazwa: 7. Donatille akaandika jina lake herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa. Kisha, kabla hajarudisha kalamu, akaikata ile saba, akaandika 31, kubwa, ikatoka nje ya mstari wake.

Wenceslas hakufoka. Akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia, akapaka, akapuliza taratibu kama mtu anayempozea mtoto uji.

"Rejista ni ya serikali, mama. Haiandikwi na kila mutu."

Ilipokauka, akaandika 7.

Apolline akaja na chandarua kipya ndani ya plastiki yake. Hakumtazama usoni. "Ni haki ya kila familia ya namba saba. Weka kidole hapa, kwamba umepokea."

"Kidole? Mimi najua kuandika."

"Karatasi ya chandarua ni ya kidole tu, mama."

Donatille akatoka nje, mjukuu amefungwa kifuani, chandarua kimebanwa kando yake kwapani. Mlangoni mwanaume alikuwa amepanda ngazi, anaipaka ile sifuri rangi upya kwa ajili ya wageni wa kesho. Mtoto hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi. Akageuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, akaikuta ncha ya plastiki, akaanza kunyonya.