Vumbi la Dukani kwa Harnam

"Mama Jentrix, ni ukweli msichana wako ameiba dhahabu kwa kompyuta?"

Nyambu jirani yangu aliniuliza hivyo pale kwa kinu cha kusaga unga, kijijini kwetu Myanga, watu wakisikia, huku ameshika debe langu ati ananisaidia. Nikamwambia Jentrix hajaiba hata sindano. Nikabeba unga wangu, nikafika nyumbani, nikapiga magoti. Kulia nililia, lakini aibu sikuona, na nataka hilo lijulikane.

Baba yake alituacha Jentrix akiwa darasa la tatu. Nimemsomesha hadi Chuo Kikuu cha Kibabii kwa ufagio. Miaka kumi na tisa nafagia karakana ya Mzee Harnam, sonara wa Kitale, na Jentrix alipomaliza masomo ya kompyuta, Mzee akamwandika kazi mbele, dukani. Wateja walikuwa wanamwita madam. Nilikuwa nawasikia nikiwa nyuma ya pazia, nacheka peke yangu.

Shida aliileta Gurdip, mtoto wa Mzee, mtu mzima mwenye familia. Aliogopa bei ya dhahabu itashuka na makabati yamejaa. Basi akaingia kwa soko la mtandao, akauza kwa bei ya siku hiyo dhahabu ya kukabidhi miezi ijayo. Jentrix alinieleza tukila ugali: bei ikishuka, anachopoteza kabatini anakipata kule.

"Na ikipanda?" nikamuuliza.

Akasema ikipanda, kampuni ya ng'ambo yenye soko hilo inadai dhamana ya kufidia hasara iongezwe siku hiyo hiyo, pesa taslimu, na bangili za kabatini bado hazijapata mnunuzi. Alikuwa amemwonya Gurdip asiuze kwa wingi. Gurdip akamwambia yeye kazi yake ni kuandika risiti.

Bei ikapanda tangu Januari, na haikurudi. Katikati ya Machi Gurdip akamwambia baba yake kwamba wadukuzi wameingia kwa akaunti ya soko hilo, wameikausha usiku mmoja.

Siku hizo tovuti za serikali zilikuwa zimetoka kuvamiwa, na ilikuwa imetangazwa kwamba kila lalamiko la udukuzi lishughulikiwe haraka. Ikawa haraka kweli. Wapelelezi walibeba kompyuta ya duka, simu ya Jentrix, na hata redio yangu ndogo ya kusikizia misa. Waliojua neno la siri la akaunti walikuwa wawili, Gurdip na Jentrix, na mlalamishi alikuwa Gurdip. Kampuni ya ng'ambo waliandikiwa barua, hawajajibu. Mtoto wangu akawa anaripoti kwa polisi wa Bungoma, karibu na kwetu, kila asubuhi, na Jumatatu iliyofuata alikuwa anapelekwa kortini.

Ijumaa inspekta Chepkosgei, mkubwa wa wapelelezi hao, alikuja dukani Kitale kumalizia maandishi yake, Jentrix akiwa naye. Gurdip akarudia kwamba akaunti ilikuwa salama kabisa hadi usiku ule wa Machi, hakuna senti iliyokuwa imepungua. Hapo nikaweka ufagio chini, nikaomba kusema.

Gurdip akacheka. "Mfagiaji ndiye mtaalamu wa kompyuta sasa?"

"Kompyuta sijui, Bwana Gurdip. Vumbi najua."

Nikamweleza inspekta. Kwa sonara vumbi la sakafu halitupwi, maana lina chenga za dhahabu. Nalifagia kwa brashi laini, na hata maji tunayonawia mikono nayachuja. Nalifunga kwa mifuko, na huchomwa na kuyeyushwa mara moja kwa mwaka, kabla ya sikukuu yao ya Vaisakhi, mwezi wa Aprili. Sheria ya Mzee ni kwamba kila mfuko una karatasi yenye tarehe, na anayeuchukua anatia sahihi, karatasi inabaki kwangu, hata kama ni Mzee mwenyewe. Mimi huandika pia somo la misa ya Jumapili iliyopita, ili nisikosee wiki.

"Mwaka huu hatukungoja Vaisakhi," nikasema. "Bwana Gurdip amekuwa akichukua mfuko kila Ijumaa tangu mwisho wa Januari, akauze."

Nikatoa karatasi kwa Biblia yangu. Zilikuwa saba, zote za kabla ya usiku ule wa wadukuzi, na zote zina sahihi yake. Gurdip alifuta kwenye kompyuta barua zote za ile kampuni, lakini kutia sahihi ya vumbi alifundishwa akiwa mtoto, na mkono wake ulitia wenyewe tu.

Inspekta akazisoma moja moja. Akamuuliza Gurdip, kama akaunti ilikuwa salama, kwa nini alikuwa anauza vumbi la sakafu kila wiki, kama si kutafuta pesa za dhamana.

Jentrix aliniangalia, mgongo umenyooka, na mimi nikasema moyoni, Bwana, huyu ni wangu.

Mzee Harnam alizichukua zile karatasi, akavaa miwani. Sahihi ya mwanawe aliijua.

"Gurdip, wadukuzi walikuja?"

"Baba, ningerudisha pesa zote. Bei ingeshuka kidogo tu—"

"Nimekuuliza, walikuja?"

"Hawakuja."

Mzee akamgeukia inspekta. "Andika hivyo. Na huyu binti aandikwe kwamba hana kosa, leo, si Jumatatu."

Inspekta akafungua ukurasa mpya, akamsukumia Gurdip kalamu. Gurdip aliandika mistari minne, kwamba alidanganya na Jentrix hana kosa, akatia sahihi. Kisha akaweka funguo za kabati mbele ya baba yake, akapita katikati yangu na Jentrix, akatoka, inspekta nyuma yake.