Ndoo Tatu Nyuma ya Nyumba

Tangu bili ya maji ilipopanda, baba yangu alikuwa akiamka na kwenda kuitazama mita kabla hajatusalimia sisi. Majirani wakambandika jina la Baba Mita. Hakukasirika. Alikuwa kinyozi, na maneno ya watu aliyachukulia kama nywele: yanaanguka, unafagia.

Sheria yake ilikuwa moja. Hakuna maji yanayostaafu humu ndani kabla hayajafanya kazi. Tulioga tumesimama ndani ya karai. Maji ya karai yalikwenda kwenye ndoo nyekundu, yakapigiwa deki. Ya deki yakaenda kwenye ndoo nyeusi, yakamwagwa chooni. Ndoo ya bluu ilikuwa ya maji yaliyooshea mboga, nayo ilinywesha maua ya mama. Tangi la choo lenyewe lilifungwa koki, likakauka. Siku mama alipoangusha jagi na kusema basi, maji yakimwagika hayazoleki, baba alimjibu, "Yanazoleka. Lete tambara."

Aliyeteseka zaidi ni dada yangu mkubwa, maana ana nywele nyingi. "Mimi nitaolewa mahali bomba linafunguliwa mpaka mwisho," alikuwa akiniambia, povu likimkaukia kichwani. Na kweli akapata mchumba, fundi rangi, kijana mpole ambaye viwiko vyake havikosi madoa meupe. Ikapangwa Jumapili aje na mama yake atuone. Kila mtu alijua mama huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Akikataa, mwanawe hana ubavu wa kumpinga.

"Akiziona zile ndoo nimekwisha," dada alisema. "Atasema mwanawe anaoa kwa mafukara."

Baba alipotoka kununua mkate, tulizibeba ndoo zote tatu na karai mpaka nyuma ya nyumba, tukavifunika kwa shuka. Dada akafungua koki ya tangi la choo. Likajaa huku likikoroma kama mtu aliyekuwa amekabwa koo.

"Usimwambie baba."

Kwangu hiyo si kazi ngumu; mimi si msemaji.

Wageni wakafika. Mama mkwe alikuwa mwanamke mdogo mwenye mkoba mkubwa. Alisifu chai, akasifu mapazia, akamwita dada "mwanangu" mara mbili, na dada akawa anang'aa kama sahani mpya. Kisha mgeni akaomba kwenda msalani. Dada akampeleka.

Sisi tuliobaki sebuleni tukasikia. Maji yalishuka kwa ngurumo. Baba akashika mkono wa kiti. Ngurumo ikaendelea. Akamtazama mama, mama akatazama dari.

"Bado tu?" baba alinong'ona, jasho likimtoka.

"Kunywa chai, mume wangu."

Mama mkwe akarudi midomo imebana. Hakukaa. Akauchukua mkoba wake. "Mwanangu, inuka twende."

"Mama, kuna nini?" fundi rangi akauliza.

"Nimebonyeza kidogo tu, tangi zima limeshuka. Zima! Kwa haja ndogo! Nimetafuta ndoo, hakuna. Karai, hakuna. Hata kikombe cha kupigia mswaki sijakiona. Msichana aliyelelewa kwenye mafuriko namna hii atakufilisi kabla hamjazaa."

Baba alikuwa ameshasimama.

"Ndoo hakuna?" akasema. "Ndoo zangu ziko wapi?"

Nikamtazama dada. Machozi yalikuwa yamemjaa. Mkoba wa mama mkwe ulikuwa umeshafika mlangoni.

"Ziko nyuma," nikasema. Wote wakageuka, na mimi nikatamani kuingia chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Tumezifunika shuka."

Tukatoka wote. Mama mkwe akalifunua shuka mwenyewe, akainama, akanusa ndoo nyekundu.

"Hii imeoga," akasema.

"Imeoga, inasubiri deki," baba akajibu. "Ikitoka deki inaingia nyeusi, inasubiri choo."

"Kazi tatu! Mimi miaka yote hii nimefika mbili."

"Usijilaumu, mama. Haba na haba."

"Ila kwangu wanaoga kwa zamu, karai moja, maji yale yale. Msafi anatangulia."

Baba akajishika kifua. "Msafi anatangulia," akarudia polepole, kama mtu anayejifunza sala. Wakachuchumaa kando ya ndoo, wakatusahau.

Dada na mchumba wake walikuwa wameegemea ukuta. Mimi nilikuwa pembeni yao nikikunja shuka.

"Kumbe kwenu nanyi ndivyo mlivyo?" dada akauliza.

"Mimi huoga wa mwisho," shemeji akasema. "Kwa sababu ya rangi." Akashusha pumzi. "Nami nilidhani kwenu maji ni ya kumwaga. Siku ile ya kwanza nilikukuta nywele zote zimelowa."

"Ilikuwa mvua."

Wakatazamana. Dada ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono wasimsikie.

"Kuna chumba nilikipaka rangi," shemeji akasema akikuna kiwiko. "Kodi yake maji yamo humo humo. Uoge usioge, bei ni ile ile."

"Kipo bado?"

"Jana kilikuwepo."

"Basi unangoja nini? Kamwambie mama yako tunakitaka."

Shemeji akawaendea wazee, akakohoa. Mama mkwe akampungia mkono bila kugeuka. "Nimeshakubali, nimeshakubali. Nyamaza kwanza, mkwe wangu ananieleza habari za mboga."

Dada akanirukia akanikumbatia. Hapo ndipo nilipopata akili: yeye akiondoka, deki, karai na ndoo zote tatu ni zangu peke yangu. Nikamvuta nguo.

"Hicho chumba," nikanong'ona, "kitakuwa na nafasi ya mgeni?"

"Mgeni wa kulala?"

"Wa kuoga tu."