Blanketi Juu ya Ukuta

Blanketi lilikuwa bado linachuruzika nilipolitupa juu ya ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara. Kamba ya kuanikia ilikuwa nyuma ya nyumba, tupu, na jua limejaa huko. Kamba niliiona. Nilichagua ukuta.

Ukuta ule na mimi tulijuana zamani. Mpaka darasa la tano nilikuwa nakojoa kitandani, na kila asubuhi ya mkosi baba alilibeba godoro langu mwenyewe, hakumtuma mtu, akalilaza pale juu, doa likiwatazama wapita njia. Baba alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sabuni. Aliamini kwamba mtu haachi kosa lake mpaka watu walione. "Aibu haihitaji fimbo," alikuwa akisema, na kweli hakuwahi kunichapa hata siku moja. Ng'ambo ya barabara alikaa fundi cherehani tuliyemwita Mama Vifungo, ambaye mdomo wake haukuwa na pindo. "Leo umechora nchi gani?" aliniuliza nikipita na begi la shule. "Naona na visiwa vimeongezeka." Wateja wake walicheka. Nami nilicheka nao. Mtoto atafanya nini?

Nilikua, nikaingia kiwanda kile kile. Sheria za kazi nilijisomea mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa mizigo, mpaka siku moja nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawaambia wenzangu wakatae kazi ya ziada isiyolipwa. Walikataa. Nikafukuzwa mimi. Nikarudi kwa baba, sasa mstaafu na mgane, nikamkuta na mgeni aliyenitangulia: mtoto wa mbwa, jike, rangi ya majivu. Dada yangu mkubwa alimleta ili mzee asikae peke yake.

Yule mbwa alikojoa kila mahali. Kwenye mkeka, chini ya meza, ndani ya kiatu changu. Na baba, baba yangu mimi, alipiga magoti na kitambaa na siki akasugua. "Harufu ikibaki atadhani ndipo pake," alinieleza, kama vile nimemuuliza. Mbwa akiamka, alimtoa. Akila, alimtoa. Walisimama kwenye kona ile ile ya ua, karibu na bomba, hata mvua ikinyesha, na mbwa akimaliza haja yake alisifiwa kama aliyefaulu mtihani.

Siku ya kwanza nilimsikia baba nikiwa jikoni: "Njoo, mama. Polepole, mama." Akina baba wengi huwaita binti zao mama. Wangu aliniita "wewe". Niliacha mwiko chunguni nikaitika, "Abee, baba."

Akachungulia mlangoni. "Sikukuita wewe. Namwita huyu."

Nilivumilia. Lakini mbwa alipochafua mkeka kwa mara nyingine, nikasema, "Si umkaripie, baba. Atajuaje kama amekosa?"

"Ukimfokea utamfundisha kujificha tu," alisema, magoti bado sakafuni. "Na hajakosa. Mimi ndiye nimechelewa kumtoa."

Nilitoka nje. Mimi nilijifunza kujificha. Nililala kwenye saruji mwaka mzima, shuka nimejifunika mpaka kichwani, ili godoro liamke kavu. Katika maisha yangu nimewaonea wivu mameneja, nimewaonea wivu wenye nyumba na wenye magari, na haikuwa kitu, nililala nikaamka. Wivu wa mbwa ni mwingine. Ule unatafuna mpaka mfupa.

Ndiyo maana asubuhi ile baba alipokwenda dukani kununua siki nyingine, na mbwa akalilowesha blanketi alilotandikiwa, sikuchukua kitambaa. Nilisuuza nusu nusu, doa libaki, nikalipeleka kwa wananchi.

Mama Vifungo aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi. "Ala. Leo tena? Na umri huo?"

Wateja wawili waligeuka.

"Si mimi," nikasema kwa sauti yangu ya mkutano. "Muulize mwenye nyumba, huyo anakuja."

Baba alikuwa amefika, chupa kwapani. Alilitazama blanketi. Mbwa akatoka mlangoni, mkia katikati ya miguu, akaja akaketi kando yangu. Barabara nzima ilimgeukia mzee aliyewahi kuamini kwamba kosa lazima lionwe. Akavua kofia.

"Ni yangu," alisema. "Uzee huu, fundi. Mkojo ni wangu."

Mama Vifungo alirudisha macho kwenye mshono wake. Baba akalishusha blanketi, akalikumbatia, maji yakimlowesha shati, akapita akaingia ndani.

Dada husema kwamba pale mzee aliniomba radhi. Kwamba wanaume wa rika lake huomba hivyo, kwa kuzungukia nyuma ya nyumba, na kwamba sasa amekufa nimwachilie. Sibishani naye. Dada hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na niliona alikotazama aliposema, "Ni yangu." Alitazama chini, karibu na mguu wangu, alipokuwa ameketi yule mbwa.