Pamba ya Bibi Kija

Jumapili ile Mchungaji Maduhu alihubiri habari ya neema mpaka kola ya shati ikalowa jasho. Alisema Mungu hakungoja tutakate ndipo atupende. Watu wakaitikia amina, na Esteria, ambaye hata kwenye kwaya sauti yake husikika kwa shida, siku hiyo aliitikia kwa nguvu. Alidhani sasa mambo ya Bibi Kija yamekwisha.

Bibi Kija, jirani yao pale Nkololo, alikuwa ametengwa na kijiji. Kulitokea msiba, wanawake wote wakaenda na maji na kuni, yeye hakwenda. Alisema mgongo ulimlaza. Wazee wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakasema huo ni uvivu, atoe faini ya ng'ombe. Ng'ombe hana. Tangu hapo hakuna wa kumsalimia wala wa kumsaidia kazi. Na sasa pamba yake ilikuwa imepasuka shamba zima, na kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa Mwanhuzi. Ikinyeshewa ingeharibika, na bibi hakuwa na kingine cha kumfikisha mwakani.

Ibada ilipokwisha, Esteria alimngoja mchungaji mlangoni.

"Mchungaji, kesho kwaya twende tukamchumie Bibi Kija? Tukiwa wengi tunamaliza."

Maduhu akamtazama kwanza Jilala, baba yake Esteria, mzee wa kanisa na tena mzee wa sungusungu.

"Binti, hayo ni mambo ya kijiji. Sisi tunamwombea."

"Lakini umesema Mungu hakungoja..."

"Nilikuwa nasema habari za Mungu."

Kristofa, mpiga gitaa, akaangua kicheko. "Leo Esteria kaongea! Nenda kachume, dada. Ukifa utajibeba mwenyewe mpaka kaburini."

Njiani Jilala alisema polepole, "Nikimwachia huyu, mwanangu, kesho nani atabeba maji msibani?"

Esteria akapiga jiwe teke, amejikasirikia. Maneno yake huja watu wakishaondoka.

Asubuhi alijifunga kanga, akachukua kiroba, akaingia shambani. Bibi Kija akatoka nyumbani ameinama, mkono kiunoni.

"Toka! Nani kakuita?"

"Nimekuja kuchuma, bibi."

"Unataka utengwe na wewe? Toka, ng'wanone, mwanangu. Marehemu Eufrasia wa hapa kijijini alipotengwa alinisalimia kisimani, nikatema mate chini nikapita. Amekufa sijamwomba radhi. Acha nilipe dhambi yangu."

"Mungu anasamehe, bibi."

"Kakwambia nani? Maduhu? Mbona hajaja?"

Esteria alitamani kupiga kelele. Kanisani hawataki kutoa, na huku hataki kupokea. Neema yenyewe imebaki imesimama njiani, haina pa kuingia!

"Sikuja kukulipia dhambi," alisema. "Nimekuja kuchuma pamba."

Akainama kwenye mstari. Bibi akamsogelea, akaitazama mikono yake.

"Unaacha za chini. Unachuma kama mtu anayekimbizwa."

"Nakimbizwa na mvua."

"Haya, shika mstari ule. Mimi huu."

Wanawake wawili wa kwaya wakapita barabarani na ndoo kichwani. "Mwangaluka!" Esteria akawasalimia. Mmoja alifungua mdomo, mwenzake akamgusa kiwiko, wakapita kimya.

Kabla ya saa sita mvua ikashuka. Walikimbiza viroba ndani, viroba vinne tu, na zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa bado. Bibi Kija akabaki mlangoni anahema.

"Ingia, utaugua!"

Esteria hakuingia. Alirudi kwenye mstari akaendelea kuchuma pamba iliyolowa, nzito, yenye tope, ambayo hakuna mnunuzi angeitazama, akiitupa kwenye kanga kwa hasira, huku bibi akimwita jina lake tena na tena.