Jumamosi ya Wanaume

Mwaka ule Baba alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti wa Udugu wa Kilutheri, tawi la Niboye, hapa Kigali, na hakuna aliyeshangaa. Mwalimu Évode Sibomana alizaliwa awe mbele ya watu. Alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, na sauti yake ilifika viti vya nyuma kanisani bila kipaza sauti. Hotuba zake zilikuwa ndefu lakini tamu, na akimaliza watu walipiga makofi kweli, si yale makofi ya kumwonea mtu huruma.

Udugu wetu ni wa wake kwa waume, ila kazi ilikuwa imejigawa yenyewe. Wanaume walikaa kwenye meza ya mbele, wakachanga, wakapigwa picha wakikabidhi mablanketi. Wanawake walipika. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mama yangu, Mukandekezi, na wenzake walipeleka chakula cha mchana hospitalini, kwenye wodi ya waliovunjika mifupa. Kwetu mgonjwa huletewa chakula na watu wake. Asiye na watu mjini hubaki akiwatazama wenzake wakila. Hao ndio waliokuwa wagonjwa wa Mama.

Siku moja, katikati ya mkutano, Mama alisimama.

"Mwenyekiti," alisema. Mkutanoni hakumwita Baba Christella kama nyumbani. "Sisi wanawake tumealikwa Karagwe na akina mama wa dayosisi. Tutakaa huko zaidi ya wiki. Wagonjwa tunawaacha mikononi mwenu."

Mama alikulia huko Karagwe, na nilijua alivyoingojea safari ile. Baba naye aliinuka, akafunga kifungo cha koti.

"Mama zetu, nendeni kwa amani," alisema. "Msiwe na wasiwasi hata kidogo. Udugu upo."

Wanaume wakapiga makofi.

Basi la wanawake liliondoka Jumatatu asubuhi. Jioni ile Baba alinikuta jikoni nakunywa chai.

"Christella, kesho utaanza kupika saa ngapi?"

"Kesho niko kazini, Baba. Kuanzia asubuhi hadi tufunge." Nauza dawa katika duka moja Gisimenti, na Baba alilijua hilo vizuri.

"Na wale wasichana wa kwaya?"

"Wamekwenda na Mama. Bila wao nani angeimba huko?"

Baba aliyatazama masufuria makubwa ya Udugu yaliyopangwa pembeni, moja ndani ya jingine, kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Kisha akatoka nje kumpigia simu Jean-Luc.

Jean-Luc alikuwa makamu wake, mhasibu, mtu nadhifu mwenye gari aina ya pikapu ambalo hakuruhusu mtu aliegemee. Yeye hakuona tatizo lolote. Kwa nini kujichosha? Tutaagiza chakula kwenye mgahawa. Na kweli, kesho yake niliwaona madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wakiondoka Gisimenti na mifuko iliyofungwa vizuri: chipsi na mishikaki ya mbuzi.

Jioni Baba alirudi. Nilimwekea chakula, hakukigusa.

"Kuna bibi mmoja pale," alisema mwishowe. "Taya limefungwa kwa nyaya. Tumempelekea mshikaki, Christella. Aliushika tu mkononi, akaniambia asante." Akasogeza sahani. "Mama yako humpelekea nini?"

"Supu ya mifupa. Na viazi vilivyopondwa mpaka vikawa laini kama uji."

"Kila safari?"

"Kila safari, Baba."

Akasema, "Basi tutapika wenyewe."

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaenda nao kutazama. Wanaume watano walifika kwenye ua wa kanisa, kila mmoja akitumaini kwamba mwenzake anajua. Jean-Luc hakuwamo. Alikuwa amemwambia Baba kwenye simu, "Mwenyekiti, mimi nitachanga mara mbili. Lakini mwiko siushiki." Baba akamjibu, "Mchango wako tunaushukuru, ndugu yangu. Lakini mtu wa kuinua sufuria bado tumemkosa."

Nilitaka kusaidia, Baba akanikataza. "Wewe umekuja kupumzika. Kaa."

Nikakaa. Niliona makaa yakigoma kuwaka, moshi ukimlazimisha mzee wa kanisa kuvua miwani na kulia. Niliona vitunguu vikikatwa vipande vikubwa kama vya kulishia ng'ombe. Maharage yalitoka guniani yakaingia moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, na chumvi juu yake, ya kutosha. Kila baada ya muda mmoja alifunua, akachungulia, akafunika. Mchana ulipofika Baba alisema yameiva, na hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyejua.

Wodini tulimkuta kijana Mrundi aitwaye Ndihokubwayo, fundi mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya jengo alilokuwa akilijenga. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya plasta, imenyooka mbele kama ya mtu anayebeba kuni. Hakuwa na ndugu Kigali. Baba alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi ambako watu huzungumza Kiswahili, na aliposikia Kiswahili cha yule kijana alifurahi, akavuta kiti, akaanza kumlisha mwenyewe.

Kijiko cha kwanza kiliingia. Tukasikia kitu kikilia kati ya meno.

Ndihokubwayo alitafuna polepole, akameza kwa adabu. "Mzee, nani amepika?"

"Ni sisi. Mimi na ndugu zangu."

"Asante sana, mzee. Mungu awabariki. Lakini hii maharagi iko bado inataka moto."

Baba alichota kwa kijiko kilekile, akaonja. Nilimwona akitafuna. Nilimwona akitazama vitanda vingine, watu wakigeuzageuza chakula kwenye sahani bila kusema neno, maana anayepewa bure huona haya kulalamika. Nikajua sasa atatoa hotuba.

Akasimama katikati ya wodi, akavua kofia.

"Ndugu zangu," alisema, "chakula cha leo kimetushinda. Sisi tumezoea kula, hatujazoea kupika. Msile kwa kutuonea aibu. Wekeni chini. Tutawanunulia maziwa na mikate sasa hivi, na Jumamosi tutarudi. Jumamosi kitakuwa kimeiva."

Basi, ni hayo tu. Nilikuwa nimesikia hotuba za baba yangu tangu nikiwa mgongoni. Hii ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, na ya kwanza ambayo hakuna aliyeipigia makofi. Nilisimama pale nimeshika sufuria tupu, nikajiambia: huyu ni baba yangu.

Nyumbani alikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilidhani anatafuta namba ya mgahawa mwingine. Kisha nikasikia, "Mama Christella? Hamjambo huko? ... Sisi wazima. Nina swali." Akasafisha koo. "Maharage yanapikwaje?"

Alikuwa ameweka spika, kwa hiyo nilimsikia Mama pia. Nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba.

"Uliyaloweka?" Mama aliuliza.

"Kuyaloweka?"

"Usiku kucha, Baba Christella. Maji baridi. Na chumvi uliitia lini?"

"Mwanzoni."

"Ndiyo maana. Chumvi mwisho, yakishalainika. Vitunguu kata vidogo, vikaange mpaka vibadilike rangi ndipo utie nyanya. Na yule bibi wa taya, mifupa yake ianze kuchemka kabla ya kila kitu." Hakucheka hata kidogo. Angeweza, na wenzake wote wangecheka naye hadi Kigali. Akauliza tu, "Ni nani atawainulia sufuria?"

"Tutaona," alisema Baba.

Ijumaa jioni maharage yalilowekwa. Jumamosi niliomba ruhusa kazini nichelewe, kwa sababu nilitaka kuona. Wanaume walikuwa wameongezeka. Habari ya wodini ilikuwa imezunguka Niboye. Vitunguu vilikatwa vidogo. Harufu ilipoanza kutoka, mlinzi wa kanisa alisogeza kiti chake karibu. Baba alikuwa amevua koti na tai, amefunga kanga ya Mama kiunoni, akipita kutoka jiko hadi jiko. Hakuamrisha. Aliuliza: "Wewe unaonaje? Bado?" Nao walionja, wakabishana, wakakubaliana.

Tatizo lilikuwa usafiri. Gari tulilotumia Alhamisi lilikuwa limeharibika, na sufuria la maharage huwezi kulipakia kwenye pikipiki. Baba akampigia Jean-Luc, naye akaja kwa sababu ya heshima, akafungua nyuma ya pikapu, akatandika magazeti, akabaki ndani akishika usukani.

Hospitalini alitaka kutusubiri garini. Baba akafungua mlango wake.

"Jean-Luc, mikono ni michache. Njoo."

Wodini Baba alimpa sahani na kijiko, akamwonyesha kitanda cha Ndihokubwayo. "Mlishe huyu kijana. Mimi naenda kwa bibi."

Jean-Luc aliitazama sahani, akaitazama ile mikono ya plasta. Watu wote walikuwa wakimwona. Akapiga goti taratibu, akilinda suruali yake, akapeleka kijiko.

"Patron," alisema Ndihokubwayo, akirudisha kichwa nyuma, "usiharakishe. Iko moto."

Jean-Luc akakivuta kijiko, akakipuliza. Alipuliza kwa uangalifu, kama baba anavyompulizia mtoto uji, akajaribu kwa mdomo wake kama kimepoa, akakipeleka tena. Ndihokubwayo akatafuna. Wodi nzima ikasubiri.

"Imeiva," alisema. "Leo imeiva kabisa."

Kicheko kilianza kitanda cha mwisho kikaja hadi mlangoni. Bibi wa taya hakuweza kucheka, lakini alipiga blanketi kwa kiganja, na supu yake aliimaliza. Niliporudi kumtazama Jean-Luc, goti lake la pili nalo lilikuwa chini, suruali ameisahau, na alikuwa akimuuliza Ndihokubwayo kama anapenda na ndizi.

Jumanne iliyofuata, wa kwanza kufika uani alikuwa Jean-Luc. Alikuja na kisu chake mwenyewe kutoka nyumbani.

Wanawake waliporudi, Jumapili baada ya ibada, mchungaji alimwomba mwenyekiti atoe taarifa. Watu walijipanga vizuri kwenye viti, wakijua itachukua muda. Baba alisimama, akatazama upande wa akina mama.

"Wagonjwa wamekula," alisema. "Siku ya kwanza vibaya, ya pili vibaya zaidi, baadaye vizuri. Naomba waliopika wasimame."

Wakasimama, mmoja mmoja, wazee kwa vijana, Jean-Luc katikati yao akiwa na plasta kidoleni alipojikata. Makofi yalianzia upande wa wanawake.

Baba alingoja yatulie. "Tuna ombi kwa mama zetu. Jumanne na Alhamisi ni zenu. Lakini Jumamosi tunaiomba iwe yetu, daima. Na kama mnayo nafasi kwenye meza hii ya mbele, njoni mkae, maana sisi Jumamosi hatutakuwapo, tutakuwa jikoni."

Watu walicheka, ila Mama hakucheka. Alisimama kujibu kwa niaba ya wanawake. Alisema tu, "Tumekubali, Mwenyekiti," akakaa, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Niliketi karibu naye. Aliushika mkono wangu akaubana mpaka ukauma.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuja uani akiwa mgeni. Alivaa vizuri, kama anayekwenda arusini. Alipita karibu na majiko, mikono nyuma, akijizuia kwa nguvu zote asifunue kitu. Wanaume walikuwa wakimtazama kwa pembe za macho kama wanafunzi wanaomwona mkaguzi. Jean-Luc aliacha kukata karoti.

Baba alileta kiti akakiweka kivulini, akamketisha. Akachota maharage na viazi, akaongeza mboga, akanawa mikono, akaishika sahani kwa mikono miwili na kumkabidhi mbele ya wote.

"Mama Christella, karibu. Onja kabla hatujawapelekea watu."

Mama akaonja. Akatafuna akitazama mbali, juu ya paa la kanisa. Akaonja tena. Nilisikia makaa yakipasuka.

Hakusema ni kizuri wala hakusema kimepungua nini. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, akaiinua kuelekea kwa mumewe.

"Niongeze," alisema.