Tarehe ya Kuzaliwa ya Virgil

Corliss Tidwell alikuwa Mbaptisti wa Texas, na katika miaka kumi na moja aliyokaa Utah hakuwahi kula chakula cha Mmormoni bila kukinusa kwanza. Mumewe Virgil alipofariki mwezi wa Februari, wa kwanza kubisha hodi alikuwa LaVerle Thorup wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, na bakuli la viazi vya kuokwa kwa jibini, vile wapikavyo Wamormoni penye msiba. Theluji mlangoni ilikuwa imeshazolewa. Corliss hakuuliza nani kaizoa.

"Pole sana, dada Corliss."

"Ahsante. Viweke hapo."

LaVerle aliketi, akalia machozi ya kweli, kisha akatoa kadi na kalamu mkobani. "Marehemu alizaliwa lini? Na wapi?"

Corliss aliitazama ile kalamu. Mchungaji Odell, wa kanisa lao la watu ishirini na wawili, alishawaonya: hawa huyapeleka majina ya wafu hekaluni mwao, mtu aliye hai akabatizwa majini kwa niaba ya marehemu. "Wanamtaja Yesu," mchungaji alizoea kusema, "lakini siye huyu wetu. Mungu wao ana mwili wa nyama na mifupa. Hao si Wakristo. Msidanganywe na mikate yao."

Virgil alibatizwa mtoni akiwa na miaka tisa. Ubatizo ule ulimtosha.

"Tarehe tisa Juni," Corliss alisema bila kupepesa macho. "Amarillo."

Vyote viwili vilikuwa uongo.

Jumamosi ya mazishi, kila kiti kanisani kilikuwa na karatasi nzuri ya ibada. Juu picha ya Virgil na kofia yake. Chini, kwa herufi za kupendeza: alizaliwa Amarillo, tarehe tisa Juni. Dorsey, shemeji yake Corliss, aliyesafiri siku nzima kutoka Lubbock, aliisoma mara mbili.

"Nani kaandika upuuzi huu? Kaka yangu kazaliwa Agosti, Lubbock, nyumbani kwa bibi!"

"Yule jirani Mmormoni," mchungaji alimjibu. "Aliomba atusaidie kuchapisha, nami nikakubali. Kosa langu. Hata tarehe tu wanaipotosha."

LaVerle alikuwa kiti cha nyuma, na maneno yale yalimfikia. Aliinamisha kichwa, asijitetee. Corliss alimshika Dorsey mkono, akamwongoza kiti cha mbele. Akamzika mumewe, na aibu ikabaki naye.

Jumatatu asubuhi alivuka barabara. LaVerle alimfungulia, ila safari hii hakusema karibu.

"Tarehe ile nilikudanganya," Corliss alisema palepale mlangoni.

"Nilijua juzi. Kwa nini?"

"Niliogopa mtambatiza."

LaVerle aliegemea mlango. "Bila ruhusa yako hatuwezi. Ndiyo sheria yetu."

"Na ruhusa ungeniomba?"

Jirani mwingine angesema hapana, yakaisha.

"Ningekuomba," LaVerle alisema. "Siku moja, majonzi yakipoa. Kwa sababu nampenda Virgil."

"Basi sikukosea!"

"Kunishuku hukukosea. Kuniacha nitukanwe mbele ya jeneza ndiko ulikokosea. Mimi nimebatizwa kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, Corliss. Nikija kwenu kesho, mchungaji wako atanipokea hivi nilivyo?"

"Hapana. Atakubatiza upya."

"Unaona!"

"Na mimi nikija kwenu?"

LaVerle alitaka kujibu, akasita, akajikuta anacheka kwa shida. "Nawe tungekuzamisha upya."

"Hata Virgil mliona hajabatizwa. Halafu mnataka tuwaite Wakristo, nanyi ubatizo wetu hamuutambui!"

"Kanisa letu limeandikwa jina la Yesu mlangoni. Nimwite nani mwingine? Wewe unaniona nani, dada?"

Corliss alimtazama. Mikono ya jirani yake ilikuwa imepasuka kwa baridi na kuzoa theluji. Alitamani kusema ndiyo, wewe mwenzangu, ulimi ukakataa. Alitamani kusema hapana, nao ukakataa.

"Sijui," alisema. "Ila Virgil mwacheni. Niandikie."

"Neno langu halitoshi?"

"Halitoshi. Nisamehe."

LaVerle aliingia ndani, akarudi na karatasi yenye mistari mitatu na sahihi yake. Corliss aliisoma neno kwa neno, akaikunja.

"Na mimi naomba kitu," LaVerle alisema. "Mpigie mchungaji wako. Mwambie tarehe ile ilitoka kwa nani."

Corliss aliomba simu hapohapo, akapiga, LaVerle akisikia. Mchungaji alipoanza tena habari za mikate, alimkatiza: "Mchungaji, nimesema mwongo nilikuwa mimi," akakata simu.

Kisha akarudi kwake na ile karatasi mfukoni, akaipasha moto sehemu ya viazi iliyobaki, akala.