Kiti Kimoja cha Verlyn

Jumamosi asubuhi, baada ya kahawa ya pili, Verlyn Tollefson aliisukuma ndege yake nyepesi hadi kwenye mizani ya ndama, ghalani kwake kaskazini mwa Iowa, Marekani. Ilikuwa ndege ya kiti kimoja, ya mabomba na kitambaa, aliyoiunda mwenyewe. Lilibaki jambo moja tu: aiache wazi, upepo umpige usoni, au aifunge kwa kifuniko cha plastiki angavu alichonunuliwa na bintiye, Karna.

"Ifunge, Baba," alisema Karna. "Kifua chako unakijua. Na ile harufu je?"

Harufu ilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye mabanda ya nguruwe ya jirani yao Duane Kvale. Duane hakuwa mtu mbaya. Kanisani walikaa benchi moja.

Kifuniko kikawekwa, na mizani ikavuka kiwango. Ndege ya namna ile ikizidi uzito, sheria humtaka rubani awe na leseni, na Verlyn hakuwa nayo. Hapo akaingia Ardis, mkewe, waliyemzika mwaka juzi, kikombe mkononi, akauegemea mkia. Mshale ukashuka. Wafu hupunguza uzito wa wanachokigusa. Wiki moja baada ya mazishi Ardis alilihamisha friji peke yake, maana pale lilipokaa hakupapenda tangu zamani.

"Basi yamekwisha," alisema Karna. "Mama atashika mkia."

"Nami nikae wapi?"

"Nje, Mama. Wewe baridi itakufanya nini tena?"

Ardis akanywa kahawa yake. "Verlyn, ulinifungia madirisha miaka yote ile, joto la Julai na yote. Nimekufa sijanusa nyasi."

Mabanda yalipojengwa, Ardis alitaka waende wakamwambie Duane kuhusu harufu. Verlyn akasema jirani ni jirani, wafunge tu madirisha. Kila Krismasi Duane aliwaletea paja la nguruwe, nao wakashukuru. Kimya kile sasa kilimuuma kuliko kifua.

Akachukua bisibisi, akakiondoa kifuniko.

"Haya, tutakuzika na wewe," alisema Karna, akaenda kumtafutia baba yake skafu.

Wakaruka. Ardis alikaa juu ya bawa na gauni lake la nyumbani, akinusa mahindi, vumbi, mvua ya mbali, na kwa muda Verlyn alikuwa na furaha tele. Kisha wakafika juu ya mabanda, harufu ikamchoma, machozi yakamtoka. Chini, Duane alitoka akawapungia.

"Teremka tumwambie," alisema Ardis.

Verlyn aliutazama uwanja wa Duane, mpana na mkavu, wa kutua bila shida. Akainua mkono, akapunga.

Jioni ile Ardis alipita chumba hadi chumba akifungua madirisha. Verlyn hakuyafunga tena, hata theluji ilipoanza.

Krismasi Duane alibisha hodi na paja lake. "Mbona madirisha wazi na baridi hii?"

"Ardis ndivyo anavyotaka."

"Aa," alisema Duane. "Msalimie."

Verlyn akalipokea paja, akashukuru.